Swali Lililoulizwa Gizani

Kakangu mdogo ana miaka 12, na simu anayotumia nilimpa mimi. Tangu niache chuo nimekuwa nikiandika makala za kulipwa, na kazi moja ilinitaka nisome historia ya Tor. Nilidhani ni mambo ya teknolojia tu. Kumbe ni mambo ya watoto pia.

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa jeshi la wanamaji la Marekani walitaka watu waweze kuwasiliana mtandaoni bila kujulikana nani anaongea na nani. Wakaufunga ujumbe tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu, na kila kompyuta unapopita inamenya ganda moja tu. Baadaye Tor ikaachiwa umma. Wanahabari na wanaharakati wanaowindwa na serikali zao wakapata pa kujificha. Shida ni kwamba giza halichagui. Wanaosambaza picha na video za watoto wakidhulumiwa kingono nao wakaingia humo.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa polisi. Mwaka 2018 tovuti moja kubwa iliyoendeshwa kutoka Korea Kusini ilizimwa baada ya wapelelezi kufuata nyayo za Bitcoin. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba watu 337 wamekamatwa katika nchi 38, na watoto wasiopungua 23 wameokolewa. Kazi hiyo lazima ifanywe. Lakini mara nyingi polisi wakifika, mtoto ashaumizwa.

Kuna waliojaribu kufika mapema. Mwaka 2005, hospitali ya Charité mjini Berlin ilianza mradi wa Dunkelfeld: mtu anayevutiwa kingono na watoto aje atibiwe kwa siri, kabla hajamdhuru yeyote. Niliposoma hivyo nilikasirika. Atibiwe? Si afungwe tu?

Kisha nikafika kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na watafiti wa Ufini na wenzao. Walichunguza anwani 176,683 za Tor kati ya 2018 na 2023, wakakuta moja kati ya tano inasambaza uchafu huo. Halafu wakafanya jambo ambalo wengi hatungefikiria: wakawauliza maswali wale wale waliokuwa wakiutafuta. Asilimia 48.1 walisema wanataka kuacha. Kati ya waliotafuta msaada, asilimia 73.9 hawakuupata. Na asilimia 65.3 waliona picha hizo mara ya kwanza wakiwa watoto wenyewe. Nusu walikutana nazo kwa bahati mbaya.

Hiyo haimsafishi mtu mzima yeyote. Anayemtazama mtoto akiumizwa anamuumiza tena. Lakini nilielewa kwamba kinga haianzi siku pingu zinapofungwa. Inaanza siku mtoto anaona kitu ambacho hakukitafuta, anashtuka, na ananyamaza. Ananyamaza kwa sababu anajua akisema atachapwa, au atapokonywa simu.

Jioni hiyo nilikaa na kakangu kwenye kochi. Nilimpa namba 116, ya watoto, ambayo kupiga ni bure. Nikamwambia akiona kitu cha kumtisha, au mtu asiyemjua akimwomba picha, aniite. Sitamgombeza, na simu sitachukua.

Hakuinua macho kwenye skrini. Baadaye, taa zikiwa zimezimwa, akaniita.

"Hata kama ni mimi ndio nilibonyeza?"

"Hata kama."

Akanyamaza kidogo, kisha akawasha taa.