Huria

Neno *huria* lina asili ya Kiarabu na linatoka katika shina moja na *huru* na *uhuru*. Watanzania wamelizoea katika *soko huria* na katika jina la Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992. Kwenye kompyuta, programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, hata mtaalamu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Si sawa na programu ya bure, maana nyingi za bure zimefungwa msimbo wake.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliweka kwenye intaneti kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta ambao leo ni mfano maarufu wa programu huria. Maelfu ya wataalamu wamekiendeleza tangu hapo, na marekebisho yao hukaguliwa na wenzao hadharani. Chipukizi anayefuatilia ukaguzi huo hujifunza kazi yenyewe, jambo la thamani kubwa. Uwazi huohuo ndio uliowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao kutoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Wikipedia ya Kiswahili hujiita *kamusi elezo huru*. *Huria* lingefaa zaidi, kwa kuwa linabeba wazo la kushiriki bila kizuizi.