Ukurasa mweupe kwenye tovuti ya PHP: kosa limejificha wapi?

Mteja wa Mbeya au Lubumbashi akifungua tovuti ya duka la Kariakoo na kukuta ukurasa mweupe, hasubiri. Anahamia duka la jirani. Kwa fundi aliyejenga tovuti hiyo, weupe huo ni balaa kuliko kosa lenyewe: hausemi faili gani limeharibika wala mstari wa ngapi.

Kwenye PHP, hali hii hutokea sana pale klasi zinapopakiwa zenyewe.

Klasi hupakiwaje zenyewe?

Tangu PHP 5.1 ya mwaka 2005, ipo fanksheni ya spl_autoload_register. Programu ikihitaji klasi ya Bidhaa ambayo haijapakiwa, PHP huenda kutafuta faili la Bidhaa.php kwa utaratibu aliouweka fundi. Njia ya zamani, __autoload, iliondolewa kwenye PHP 8.0 mwaka 2020.

Raha yake ni kwamba fundi haandiki require kila mahali. Shida ni kwamba kosa linaweza kuwa ndani ya faili ambalo hakuliita kwa mkono wake.

Vitu vitatu vinavyoficha kosa

1. Alama ya @. Baadhi ya mafundi huandika @include ili PHP isilalamike faili likikosekana. Lakini alama hiyo hunyamazisha pia maonyo yanayotoka ndani ya faili lililopakiwa. Kwenye PHP 5, nukta mkato moja iliyosahaulika ndani ya Bidhaa.php ilitosha kuacha ukurasa mtupu. PHP 8.0 ilizuia @ kuficha makosa mazito, ila seva zenye matoleo ya zamani bado zina mtego huo. Dawa: ondoa @, uliza kwanza kwa is_file kama faili lipo, kisha tumia require.

2. Mipangilio ya seva. Kwenye tovuti iliyo hewani, display_errors huzimwa, na ni sawa, maana mgeni hapaswi kuona njia za mafaili. Tatizo linakuja log_errors nayo ikiwa imezimwa. Hapo kosa halionekani popote.

3. Herufi kubwa na ndogo. Laptopu ya Windows huona bidhaa.php na Bidhaa.php kuwa kitu kimoja. Seva ya Linux huyaona kuwa mafaili mawili. Ndiyo maana tovuti inafanya kazi dukani, ikipandishwa tu inagoma. Na kama msimbo unauliza kwa class_exists, jibu linakuwa "hapana" kimyakimya, bila kosa lolote.

Pa kuanzia

- Soma logi ya makosa ya seva kabla ya kugusa msimbo.
- Endesha php -l Bidhaa.php. Amri hii hukagua uandishi wa faili bila kuliendesha.
- Washa display_errors kwenye php.ini ya kompyuta ya majaribio. Ukiiwasha kwa ini_set ndani ya faili lenye kosa la uandishi haisaidii, kwa sababu faili hilo haliendeshwi kabisa.
- Linganisha jina la klasi na jina la faili, herufi kwa herufi.
- Kwa wanaotumia Composer na orodha ya klasi iliyotengenezwa mapema, endesha composer dump-autoload kila klasi mpya inapoongezwa.

Tovuti ikishapona, zima display_errors, lakini log_errors iache imewashwa.