Waliandika Vichwa, Hawakuandika Mashamba: Tarehe ya Ardhi ya Swima

Swima iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Baraka, kwenye barabara ya taifa namba 5 ya Kongo inayotoka Uvira, ikapita Baraka na Fizi, kisha ikaelekea Kalemie. Mashariki ni maji. Kusini-mashariki rasi ya Ubwari imejinyoosha ndani ya ziwa. Magharibi milima ya Mitumba inaanza kupanda mara moja, haisubiri, mpaka ifike Itombwe ambako vilele vinapita mita 3,000, ilhali ziwa lenyewe liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya hayo mawili umebaki ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, na hapo ndipo penye nyumba, barabara, soko, makaburi, mihogo na michikichi. Ugomvi wote wa ardhi katika pwani hii unatokana na wembamba huo.

Vijito vinavyoshuka milimani huukata ukanda vipande vipande, na kila kijito ni mpaka. Pasipo kijito pana jiwe, mti mkubwa, au safu ya michikichi. Mchikichi una uzito wake katika mashauri, kwa sababu mihogo hung'olewa ikaisha, bali mchikichi hukaa miaka mingi ukimshuhudia aliyeupanda. Ndiyo maana anayeazimwa au kukodishwa shamba huambiwa mapema: lima mihogo, lima maharage, lima mahindi, lakini mti wa kudumu usipande. Akipanda, wajukuu wake watakuja kudai.

Wenye vipande hivyo ni koo. Wabembe waliteremka hadi ziwani kutoka misitu ya magharibi wakipitia Itombwe, ukoo baada ya ukoo, hawakuja siku moja wala chini ya mfalme mmoja. Walikuta watu wa ziwa, Wazoba na Wabwari, mabingwa wa mtumbwi na wavu. Na kabla ya hao wote palikuwa na Watwa. Baadhi walifukuzana, wengi walioana, na hesabu ya nani alitangulia bado huamsha sauti barazani. Alama ya zama hizo imebaki katika orodha rasmi ya utawala hadi leo. Ukisoma majina ya mafungu ya vijiji katika teritwari ya Fizi, Basimukuma, Balala, Babungwe, Basimukindje, Basikalangwa, Basikasingo, unasoma majina ya koo. Baadhi yametiwa Kaskazini na Kusini, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja wameenea pande mbili. Ramani ya Fizi ni ukoo uliolazwa juu ya udongo.

Mwezi wa Aprili 1858 wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita maji haya kwa mitumbwi kutoka Ujiji kwenda Uvira. Burton aliidhani Ubwari kisiwa, na ghuba iliyo kati ya Ubwari na Baraka ikaja kuitwa kwa jina lake, jambo ambalo mvuvi wa Baraka hana haja nalo. Waliokuja kukaa ni wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka ng'ambo. Muhammad bin Khalfan, yule Rumaliza wa Ujiji, alitawala sehemu kubwa ya kaskazini ya ziwa kwa bunduki na mikataba hadi aliposhindwa na jeshi la Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwanzoni mwa 1894. Walichotafuta waungwana hao kilikuwa watu na pembe, mashamba hawakuyataka. Walituachia Kiswahili, wakatuachia na majina ya miji.

Wakati huohuo ziwa nalo lilikuwa likigawa ardhi kwa mkono wake. Kwa miaka mingi mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea maji, ulikuwa umezibwa na tope na matete, na ziwa likawa linajaa. Mnamo 1878 lilifika juu kabisa, kisha kizuizi kikavunjika. Katika miaka isiyotimia 20 maji yakashuka takriban mita 10. Mtu aliyezaliwa pwani hii kabla ya Lukuga kufunguka alizeeka akilima mahali ambapo baba yake alitega nyavu. Ardhi hiyo mpya haikuachwa na babu wa yeyote, kwa hiyo kila ukoo ulivuta mpaka wake kuyafuata maji, vijito vikarefushwa hadi ufukoni, na mambo yakaonekana kana kwamba yalikuwa hivyo tangu kale.

Bulamatari, yaani dola ya kikoloni, alikuja na karatasi. Amri ya Dola Huru ya Kongo ya 1 Julai 1885 ilitamka kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola. Utupu huo ulipimwa kwa jicho la mgeni: shamba lililopumzishwa lilikuwa tupu, msitu wa kuwinda ulikuwa mtupu, ukingo wa kuanikia ndakala ulikuwa mtupu. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, ikakabidhiwa mamlaka ya kugawa ardhi hizo kwa walowezi na makampuni. Fizi iliponea chupuchupu. Mlowezi alipenda baridi ya Kabare na Masisi na udongo wa kahawa na chai. Joto na mbung'o wa Tanganyika hakuvipenda. Kwa hiyo Swima haikupata bwana shamba wa Kizungu wa kukumbukwa kwa chuki, na kwa sababu hiyohiyo haikupata mtu wa kuipima.

Nadhani hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Mbelgiji alipenda sana kuandika, lakini aliandika vichwa vya watu. Alijua wanaume wangapi wanalipa kodi, wangapi wapelekwe kazini, kijiji gani kisogezwe kando ya barabara ili kionekane na mkusanya kodi. Kwa amri ya 5 Desemba 1933 nchi iligawanywa katika machifu na sekta. Wavira na Wafuliru walikuwa na mwami wa kurithi, wakapewa uchifu. Wabembe hawakuwa na mwami mmoja juu ya wote, maana mashauri yao yaliamuliwa na wazee wa koo katika lubunga, ile nyumba ya wanaume ya kuzungumzia mambo. Wakawekwa katika sekta, ambayo mkuu wake huteuliwa na Serikali. Leo Fizi ina sekta nne: Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja. Mkuu wa sekta alikuwa na muhuri bila mashamba. Mzee wa ukoo alikuwa na mashamba bila muhuri.

Ireland ilipita njia nyingine. Nchi ile imegawanyika katika vitongoji vidogo zaidi ya 60,000, vyenye majina ya kale ya vilima, makanisa na koo, na mipaka yake mingi ni vijito kama yetu. Waingereza waliitawala kwa ukali usiopungua wa Mbelgiji, na ardhi waliitwaa kweli. Lakini kati ya 1847 na 1864 Richard Griffith alisimamia uthamini uliochapisha, kitongoji kwa kitongoji, jina la anayekaa, jina la mwenye ardhi, ukubwa wa kipande na thamani yake. Shabaha ilikuwa kodi, haikuwa haki. Hata hivyo kitabu kilibaki, na sheria za mwanzoni mwa karne ya 20 zilipowawezesha wapangaji kununua mashamba, wengi walijulikana kwa jina na kwa kipande. Swima ilipata karani wa kodi bila kumpata Griffith wake.

Uhuru haukuijaza nafasi hiyo. Sheria ya Bakajika ya 7 Juni 1966 iliirudishia Serikali ardhi zote zilizotolewa na wakoloni. Sheria namba 73-021 ya 20 Julai 1973 ikaenda mbali zaidi: kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Dola peke yake, hauuziki wala haupotei kwa kupita muda. Kifungu cha 387 kikaziingiza humo hata ardhi za jamii za wenyeji. Kisha kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hizo zitapangwa kwa amri ya Rais. Mobutu alitawala miaka mingine 24 bila kuitoa amri hiyo. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 34, ikatambua mali iliyopatikana kwa mila. Basi mkulima wa Swima ana mali inayolindwa na Katiba juu ya udongo usio wake. Mwanasheria atakueleza kwamba hapa hakuna mgongano, na maelezo yake yatakuwa marefu.

Kwa vitendo mauzo yanaendelea kila msimu. Pesa hutolewa, karatasi huandikwa kwa mkono mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi, kila mmoja akatia kidole au sahihi. Cheti cha uandikishaji cha ofisi ya ardhi ni cha wachache wenye pesa, na mara nyingi cha mtu wa mjini ambaye baadaye huja nacho na kuwaonyesha wenyeji kwamba wamekaa kwake.

Daftari lililobaki, basi, lilikuwa vinywa vya wazee, na vita vikalishambulia lenyewe. Uasi wa 1964 ulizihamisha koo nzima. Maficho ya Laurent Kabila katika milima ya Fizi, tangu 1967, yaliwaweka wakulima kati ya waasi na jeshi la Mobutu. Mwishoni mwa 1996 pwani ikamwagika: watu walivuka kwa mitumbwi kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka huo ikawa mji wa Wabembe ugenini. Waliojua kijito kipi kilihamishwa na mafuriko na shamba lipi lilitolewa mahari, wengi wao walizikwa huko.

Kurudi kulianza Oktoba 2005, meli zikishusha watu Baraka. Aliyeondoka akiwa mtoto alirudi na mke na watoto wake, akaulizia shamba la babu. Alimkuta ndugu wa baba mdogo amelilima miaka tisa, au mtu wa milimani aliyekimbilia pwani, au akakuta aliyebaki ameliuza. Wote watatu walikuwa na mashahidi. Mashauri hayo yalijaa katika mabaraza ya wazee, na sijui hakimu gani angeyaamua vizuri zaidi ya wazee wenyewe, pamoja na udhaifu wao wa kuegemea damu.

Juu ya hayo kuna wapitaji. Wakati wa kiangazi wafugaji wa nyanda za juu hushusha ng'ombe kutafuta majani, na kwa mila humpa mkuu wa eneo itulo, ng'ombe wa ruhusa ya malisho. Zamani itulo ilikuwa namna ya kusema, tunajua hapa ni penu. Siku hizi wenye bunduki wa kila upande wameigeuza kodi yao, na anayeilipa halindwi nayo, wala mkulima aliyelishiwa mihogo halipwi. Mwaka 2015 ikafunguliwa kambi ya Lusenda, katika pwani hiihii, kwa wakimbizi wa Burundi. Nao wanahitaji kulima, na sharti wanalokutana nalo ni lile la michikichi.

Halafu ziwa likarudi. Lilikuwa limepanda sana mnamo 1964, likashuka. Likapanda tena miaka ya 2020 na 2021, na mwaka 2024 zaidi, likameza nyumba, bandari na mashamba ya Uvira, Baraka na vijiji vya katikati. Kwa sheria ya 1973, kitanda cha ziwa ni mali ya umma isiyogawika kwa mtu. Shamba lililofunikwa limekuwa kitanda cha ziwa. Maji yakipungua, sheria itaona ufuko wa Serikali. Ukoo utaona shamba la babu. Na jirani wa ng'ambo ya kijito, ambacho huenda kikafunguka mahali pengine, ataona nafasi. Aliyepoteza kiwanja hawezi kungoja hayo yaamuliwe. Anapanda juu, kwenye miteremko iliyo ya ukoo mwingine, anabisha hodi kwa mzee akiwa na mashahidi wawili, naye anaonyeshwa kipande cha kulima mihogo.