Ijue tramu: treni isiyo na usukani inayopita mtaani

Wengine wana ugonjwa wa mpira, mimi nina ugonjwa wa tramu. Sijawahi kupanda hata moja, lakini nikikaa kwenye kompyuta naweza kumaliza saa nzima naangalia video zilizopigwa kutoka kwa dereva, muda unaisha hata barua pepe sijafungua. Kila nikiitaja naulizwa, "Si ndiyo SGR hiyo?" Hapana jamani. Leo tuelewane.

TRAMU NI NINI?
Ni treni ndogo ya mjini. Reli yake imelazwa ndani ya lami, usawa mmoja na barabara, kwa hiyo magari yanapita juu yake. Umeme unatoka kwenye waya wa juu, unaingia kwa mkono wa chuma ulioko kwenye paa, unazungusha mota, kisha unarudi kupitia magurudumu na reli. Dereva hana usukani! Anaongeza mwendo, anafunga breki na kugonga kengele, basi.

Reli nyepesi ni ndugu yake mkubwa: sehemu kubwa ya njia ni yake peke yake, hivyo haikai foleni. Mwendokasi wa Dar nao una njia yake, ila yale ni mabasi ya matairi.

ILIANZA VIPI?
Mwaka 1832 huko New York mabehewa yalivutwa na farasi. Mwaka 1881 Werner von Siemens akaanzisha tramu ya umeme Lichterfelde, karibu na Berlin. Na msidhani sisi ni wageni kabisa. Mombasa ya zamani ilikuwa na vijireli mitaani vya troli: kiti chini ya kivuli, bwana mkubwa amekaa, wenzetu wanasukuma kwa mikono. Yaani injini ilikuwa ni jasho la mtu. Ziliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920.

RAHA YAKE IKO WAPI?
Kwangu mimi ni hii: reli haidanganyi. Daladala leo inapita barabara kuu, kesho dereva kakatisha uchochoroni, abiria mmeshushwa njiani. Tramu haiwezi. Ukiona reli, hata kama ni mgeni wa mji, unajua itapita hapo. Ni kama mji umeweka ahadi kwa chuma.

Ahadi ikivunjwa, kuirudisha ni gharama. London ilifunga tramu zake 1952, ikazirudisha upande wa Croydon mwaka 2000. Nantes ya Ufaransa iliacha 1958, ikaanza upya 1985. Melbourne haikung'oa zake, na leo ina mtandao mkubwa kuliko wote duniani, kama kilomita 250.

FUNZO LA ADDIS ABABA
Hapa ndipo roho inaniuma. Septemba 2015 majirani zetu Waethiopia walizindua reli nyepesi ya kwanza ya kisasa kusini mwa Sahara: njia mbili, tramu 41, kwa mkopo mkubwa wa China. Nilifurahi kama imejengwa Kariakoo! Lakini miaka michache baadaye tramu nyingi zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Reli ipo, waya upo, vituo vipo, abiria yuko kituoni anasubiri.

Kwa hiyo siku kiongozi yeyote wa kwetu akisimama na picha nzuri za tramu, mimi nitapiga makofi, tena kwa nguvu. Halafu nitanyoosha mkono niulize: mheshimiwa, vipuri vya mwaka wa tano vitatoka wapi, na nani atavilipia?

Ahadi ya chuma inataka matunzo. Vinginevyo tutabaki na reli za kujikwaa tu.

Nawasilisha.