Akiba Iozayo: Historia Fupi ya Kompyuta za Anasa

Katika mwaka 1969 duka la Neiman Marcus la mjini Dallas, Marekani, ambalo desturi yake ilikuwa kuwatangazia matajiri kila Krismasi zawadi zisizopatikana kwingineko, lilitia katika orodha yake kompyuta ya jikoni iliyotengenezwa na kampuni ya Honeywell, bei yake dola 10,600, na ndani ya bei hiyo mafunzo ya majuma mawili ya kumwezesha mama wa nyumba kuiamuru. Kazi iliyonadiwa ilikuwa kutunza mapishi; lakini mtambo wenyewe ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 40, haukuwa na kioo cha kusomea, na mwenye kutaka kujua kiasi cha chumvi katika mchuzi alipaswa kuuliza kwa swichi na kusoma jawabu katika taa ndogo zilizowaka na kuzimika kwa hesabu ya moja na sifuri. Hakuna ushahidi kwamba hata mmoja uliuzwa. Na hali mtambo huo haukuwa duni, kwa kuwa kiini chake kilikuwa kompyuta ya Honeywell 316, aina iliyoheshimiwa na wahandisi wa zama zile. Aibu yake ilikuwa moja, nayo ni kubwa: ulipelekwa mahali ambapo hapakuwa na mtu mwenye swali la kuuliza.

Tangu wakati ule hata leo, watu wengi wenye mapenzi na ufundi huu wamesimama mbele ya shauri lile lile: je, yafaa mtu asiyetafuta riziki kwa kompyuta, bali aliye na uraibu wake tu wa michezo, wa picha, wa hesabu au wa kufundisha programu za akili bandia, atoe mali nyingi anunue mashine yenye nguvu kupita haja yake? Wako wasemao kuwa hiyo ni israfu, na wako wasemao kuwa moyo ukipenda hauulizi bei. Mimi naona heri tuiulize historia, ambayo haina bidhaa ya kuuza wala husuda kwa mnunuzi.

Mwanzo wa uraibu huu ni katika vyumba ambavyo waraibu hawakuvimiliki. Mwaka 1961 kampuni ya Digital iliipa taasisi ya MIT, katika jimbo la Massachusetts, kompyuta ya PDP-1, ambayo thamani yake ilikuwa kiasi cha dola 120,000, na vijana wa pale, ambao wengi wao walitoka katika chama cha wapenzi wa treni ndogo za mfano, waliisubiri zamu yao hata usiku wa manane ili waitumie. Mwaka 1962 Steve Russell na wenzake walikamilisha juu yake mchezo wa vita vya vyombo vya angani, ulioitwa Spacewar, ambao haukuwaletea senti moja. Hapana mmoja wao aliyekuwa na uwezo wa kununua mashine ile, wala hapana aliyeota kuinunua. Walichokuwa nacho ni ruhusa, muda na ghera, na kwa vitu hivyo vitatu walisaidia kuzaa sanaa ya michezo ya kompyuta, ambayo leo ni biashara ya dunia nzima.

Shauku ya kumiliki ilipata mlango mwezi Januari 1975, wakati jarida la Popular Electronics lilipotoa katika jalada lake picha ya Altair 8800, kompyuta iliyobuniwa na Ed Roberts, mkuu wa kampuni ndogo ya MITS ya mjini Albuquerque, ambayo wakati ule ilikuwa imezama katika deni. Mnunuzi alipelekewa sanduku la vipande kwa bei isiyofika dola 400, akaviunga mwenyewe kwa risasi na moto, na alipomaliza, ikiwa mikono yake haikukosea, alipata mashine isiyo na kioo wala kibodi, yenye kumbukumbu ya baiti 256, kiasi kisichotosha kuhifadhi hata aya moja ya insha hii. Roberts alitumai kuuza mia chache. Maagizo yakaja kwa maelfu. Tarehe 5 Machi mwaka ule ule, watu zaidi ya thelathini walikutana katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, wakaanzisha chama kilichojulikana kwa jina la Homebrew. Katika mkutano wao mmoja Steve Dompier aliweka redio ndogo karibu na Altair yake, akaonyesha kwamba kelele ambazo mtambo ulizitia katika redio ulipokuwa ukihesabu zaweza kupangwa kwa programu hata zikawa wimbo, na hadhira ikamshangilia. Mashine ile dhaifu, ambayo mtengenezaji wake hakuifikiria kwa muziki kamwe, ilikuwa imekutana na mtu mwenye swali.

Katika chama hicho alikuwamo Steve Wozniak, mfanyakazi wa Hewlett-Packard, ambaye hakuchagua kichakato cha Intel, kilichouzwa kwa mamia ya dola kwa mnunuzi wa kimoja, bali alichagua kile kilichoitwa 6502, kwa sababu kilipatikana kwa dola 25 na mfuko wake uliweza kukibeba. Ili kupata mtaji wa kutengeneza mbao za saketi, yeye aliuza kikokotoo chake cha thamani, na rafiki yake Steve Jobs akauza gari lake la Volkswagen. Kompyuta iliyotoka hapo, Apple I ya mwaka 1976, iliuzwa dola 666.66, na zilizoundwa zilikuwa kiasi cha 200 tu. Uchache wa fedha ulimlazimisha Wozniak kutumia vipande vichache kuliko wenzake, na ustadi huo wa kubana ndio uliompa sifa ambayo mali isingeweza kumnunulia.

Kampuni yao ya Apple, ilipokwisha tajirika, ilitoa mwezi Januari 1983 kompyuta ya Lisa kwa bei ya dola 9,995. Insafu yataka tuseme kwamba Lisa ilikuwa na fikra njema, kwa kuwa ilileta madirisha na kipanya kwa watu wa ofisini, na mengi ya hayo yakarithiwa na Macintosh ya mwaka 1984 kwa bei ya dola 2,495. Lakini wanunuzi waliiogopa, utengenezaji wake ukakoma upesi, na mwaka 1989 Lisa zipatazo 2,700 zilizobaki zilifukiwa katika jalala la mji wa Logan, jimbo la Utah. Katika muda wa miaka sita, kitu kilicholingana kwa bei na gari zuri kiligeuka kuwa taka.

Ni sharti pia nimlete shahidi wa upande wa pili, maana hukumu isiyosikiliza pande mbili ni dhuluma. Mwezi Januari 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alinunua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kompyuta yenye kichakato cha 386 na kumbukumbu ya megabaiti nne, mzigo mzito kwa mwanafunzi. Mwenye busara angaliweza kumwambia kwamba anajifunga deni kwa ajili ya mchezo. Lakini Torvalds alitaka kujua kwa yakini jinsi kichakato kile kilivyofanya kazi ndani kwa ndani, na tarehe 25 Agosti mwaka ule aliwatangazia wenzake mfumo aliokuwa akiuandika kwa uraibu wake, ambao ukawa Linux, nao leo unaendesha simu za Android na kompyuta zote kubwa mia tano zilizo mbele duniani kwa kasi. Gharama yake ilikuwa kubwa kwa kipimo cha mfuko wake, ila ililingana na swali lake.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha jambo. Wahenga wetu walisema akiba haiozi, na wanunuzi wengi wa mashine za kifahari hujitetea kwa methali hiyo, wakidhani kwamba nguvu wasiyoihitaji leo ni akiba ya kesho. Nguvu ya kompyuta, kwa bahati mbaya, ni akiba iozayo. Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa Intel, aliandika mwaka 1965 kwamba idadi ya transista katika kipande kimoja huongezeka maradufu kila mwaka, akarekebisha mwaka 1975 kuwa kila baada ya miaka miwili hivi, na ijapokuwa mwendo huo umepungua siku hizi, athari yake i dhahiri: Cray-1 ya mwaka 1976, iliyouzwa kwa mamilioni ya dola na kupozwa kwa mabomba ya gesi ya freoni, leo inashindwa kwa hesabu na simu ya bei nafuu iliyo mkononi mwa mchuuzi wa sokoni. Kinachodumu ni maarifa ya mwenye mashine, ambayo hayashuki bei.

Lakini wala ubahili haukosi hasara yake. Mwaka 1974, mwaka mmoja kabla ya Altair, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa adimu na majaribio ya kuendesha hesabu za serikali kwa mitambo hiyo yalikuwa yameleta usumbufu. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, kwa miaka mingi kabla marufuku haijalegezwa, kijana wa Kitanzania mwenye ghera ya ufundi huu hakuwa na njia rahisi ya kuufikia, wakati vijana wa rika lake kwingineko walikuwa wakijifunza kwa mashine duni za gerejini. Asiye na kompyuta yoyote hawezi hata kulitambua swali lake.

Basi, msomaji, ikiwa umepata mali ya halali na nyumba yako haina upungufu, sitakuharamishia anasa, maana furaha ya moyo nayo ni haki ya mtu. Lakini kwanza ifanyie kazi mashine uliyo nayo mpaka ikushinde, na uweze kutaja kwa maneno yako ni kazi gani iliyoishinda. Ukiweza kuitaja, nunua inayotosha kazi hiyo, hata ikiwa ghali. Usipoweza, weka fedha zako, nunua vitabu, tafuta wenzako wa kujifunza nao, na usubiri. Mwaka ujao huenda nguvu ile ile ikauzwa rahisi zaidi.