Majaruba ya Chumvi ya Piran: Kazi ya Watu, Makao ya Ndege

Slovenia ina pwani fupi, kilomita 47 hivi, iliyobanwa kati ya Italia na Kroatia kwenye Bahari ya Adriatiki. Kwenye ncha yake ya kusini, Mto Dragonja unapomwaga maji yake katika Ghuba ya Piran, yametandaa majaruba ya chumvi ya Sečovlje, yenye ukubwa wa hekta 650 hivi. Kaskazini kidogo yako majaruba ya Strunjan, madogo zaidi, na hayo ndiyo ya kaskazini kabisa katika Mediterania nzima kati ya yale yanayovunwa hadi leo. Kukaa kaskazini hivyo ni taabu kwa mvuna chumvi. Jua kali ni la miezi michache tu, na mvua ya radi ikishuka katikati ya Julai huyeyusha kwa saa moja mavuno yaliyongojewa kwa siku kadhaa. Mambo mengi yanayoutofautisha mji wa Piran, wenye majaruba haya, na kwingineko yametokana na taabu hiyo.

Kazi yenyewe huanza na maji. Bahari ikijaa, malango hufunguliwa na maji huingia katika majaruba ya kwanza, yaliyo mapana. Kutoka hapo hupitishwa jaruba baada ya jaruba, jua na upepo vikiyapunguza, chokaa na jasi vikitangulia kutuama, mpaka yafike katika majaruba ya mwisho yakiwa mazito. Chumvi haianzi kuganda hadi sehemu tisa hivi kati ya kumi za maji ya awali ziwe zimekwisha kuwa mvuke. Zamani maji yaliinuliwa kwa pampu za upepo zenye matanga. Siku hizi mota hufanya kazi hiyo. Mvunaji wa Bagamoyo au Gongoni angeuelewa mpangilio huu bila kuelezwa.

Huenda kigeni kwake kikawa kile kilichotandikwa chini. Sakafu ya majaruba ya kuvunia hufunikwa na utando uitwao petola, wenye unene usiofika sentimita moja, uliofumwa na sianobakteria pamoja na jasi na madini mengine. Utando huu hautokei tu wenyewe, hulelewa. Kila mwaka, kabla ya msimu, wafanyakazi huutunza, huusafisha na kuulainisha, kwa sababu ndio unaoitenga chumvi na tope la bahari. Ukitoboka, tope hupenya na chumvi ya hapo hutoka ya kijivu. Ndiyo maana walioingia jarubani zamani walivaa viatu vya mbao vyenye soli pana, wasije wakauchana kwa visigino. Mbinu hii ililetwa Piran katika karne ya 14 kutoka Pag, kisiwa cha Dalmatia, na ndiyo iliyoipa chumvi ya mji huo weupe uliotafutwa na wanunuzi.

Mavuno hayangoji rundo kubwa. Katika nchi za jua la uhakika chumvi huachwa igande miezi mingi na kukatwa mara moja kwa mwaka. Piran huvunwa kila siku au kila baada ya siku chache, tabaka likiwa bado jembamba, kwa kuwa hakuna ajuaye mvua itakuja lini. Mvunaji husukuma kibao kipana chenye mpini mrefu, akiikusanya chumvi polepole juu ya petola hadi iwe vichuguu vidogo. Vichuguu hivyo huachwa vichuje maji, kisha chumvi hupakiwa katika vigari vya mbao vinavyosukumwa kwa mikono juu ya reli hadi ghalani.

Piran iliingia chini ya Jamhuri ya Venice mwaka 1283, na kwa zaidi ya miaka 500 historia ya majaruba haya ilikuwa ya ukiritimba. Venice ilitaka chumvi ya Adriatiki ipitie mikononi mwake, kwa bei iliyoipanga yenyewe, kwani asiyekuwa na chumvi hakuweza kuhifadhi samaki wala nyama. Mji uliachiwa fungu la kujiuzia, na wakulima wa bara walivuka vilima na nafaka zao kuja kubadilishana. Penye bei ya serikali hapakosi magendo, na chumvi ya Piran ilisafiri kwa njia za usiku vilevile.

Familia za wavunaji ziliishi mjini wakati wa baridi. Mwishoni mwa Aprili zilipakia vyombo, kuku na watoto mashuani na kuhamia majarubani, zikakaa huko hadi karibu na sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, tarehe 24 Agosti. Nyumba zao za mawe zilijengwa kando ya mifereji ili mashua zifike mlangoni. Chini palikuwa ghala la chumvi, juu makazi, na madirisha yalitobolewa pande mbili zinazokabiliana ili wingu lionekane mapema, litokee upande wowote ule. Wanawake na watoto walivuna sawa na wanaume. Kisima cha maji matamu hakikuwezekana kwenye tope la chumvi, hivyo hata maji ya kunywa yaliletwa.

Venice ilipoanguka mwaka 1797, Austria ilirithi eneo na ukiritimba wake. Maghala makubwa yalijengwa pwani ya Portorož katika karne ya 19. Mwaka 1902 ilifunguliwa reli nyembamba ya Parenzana, yenye kilomita 123 kutoka Trieste hadi Poreč, iliyopita kando ya majaruba na kubeba chumvi hadi ilipofungwa mwaka 1935. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia eneo lilikuwa la Italia, na baada ya vile vya Pili likaingia Yugoslavia. Wakazi wengi wa Piran waliozungumza Kiitaliano, ambao ndio walioijua kazi, walihama katika miaka ya 1950. Chumvi ya bei nafuu ya migodini na ya majaruba makubwa ya kusini ilimalizia. Katika miaka ya 1960 upande wa Sečovlje uitwao Fontanigge uliachwa. Majaruba ya jirani ya Lucija nayo yalisimama, na mahali pake leo pana bandari ya mashua za starehe. Upande wa Lera pekee ndio ulioendelea kuvunwa Sečovlje.

Ni rahisi kudhani kwamba watu walipoondoka wanyama walifaidika. Ukweli una pande mbili. Viumbe wengi wa hapa wanategemea ngazi za uchumvi zilizotengenezwa na binadamu: maji mepesi huku, mazito kule, makavu kwingine. Katika mifereji huishi kisamaki ambaye Waslovenia wamempa jina linalotokana na majaruba. Katika maji makali kuna mwani wa chembe moja unaoyatia wekundu, na kamba wadogo kama punje ambao mayai yao hustahimili ukavu. Hao ndio chakula cha ndege. Zaidi ya aina 250 za ndege zimeonekana hapa: yangeyange, buabua, kitwitwi wa aina nyingi, na yule mwenye miguu mirefu myekundu anayetembea majini kama aliyepanda magongo. Baadhi ya aina za kitwitwi wanaotua hapa wakielekea kusini hujulikana pia kwenye fukwe za Afrika Mashariki. Kwenye magofu huishi kirukanjia mdogo kuliko wote, mnyama anayenyonyesha mwenye uzito wa gramu mbili hivi.

Matuta yasipotunzwa, mawimbi huyavunja, na maji yakipanda wakati wa kutaga huzamisha viota vilivyo juu ya ardhi tupu. Kwa hiyo hata Fontanigge isiyovunwa inahitaji wafungua malango. Mwaka 1993 Sečovlje iliingizwa katika Mkataba wa Ramsar, ikiwa ardhioevu ya kwanza ya Slovenia kupata hadhi hiyo, na mwaka 2001 serikali iliitangaza hifadhi. Mradi wa MANSALT, uliogharamiwa kwa sehemu na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2010, ulishughulikia hasa matuta na malango.

Mgeni ana njia mbili za kuingia. Lera ndiko chumvi inakovunwa. Fontanigge, iliyo kando kabisa ya mpaka wa Kroatia, ni ya magofu na ndege, na ndani yake yamo Makumbusho ya Chumvi yaliyofunguliwa mwaka 1991 katika nyumba zilizokarabatiwa kando ya mfereji. Kwa ndege, majira ya kuchipua na ya vuli, wanapohama, ndiyo bora. Kwa chumvi ni Julai na Agosti, mradi mvua isiwe imenyesha siku mbili tatu zilizotangulia. Ikiwa imenyesha, wavunaji wanakuwa wameanza upya na jarubani hamna ila maji.