Insha Baina ya Pambo na Hoja

Neno insha limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuanzisha, kuumba, kukisimamisha kitu ambacho hakikuwapo. Huko Misri, katika zama za Mamluki, lilikuwa pia jina la ofisi: Diwani ya Insha, mahali zilipotungwa barua za sultani. Al-Qalqashandi, aliyefariki mwaka 1418, alikuwa karani wa diwani hiyo. Aliwaandikia makarani wenzake kitabu kikubwa, Subh al-A'sha, ambacho kilipochapishwa Cairo mwanzoni mwa karne ya 20 kilijaza juzuu 14. Ndani yake mna habari za kalamu na wino, za karatasi, na za lakabu zinazomstahiki kila mpokeaji wa barua. Karani huyo hakupungukiwa na lugha. Alichokosa ni uhuru wa kuuliza, kwani kauli ya barua ilikuwa imekwisha kuamuliwa na bwana wake kabla kalamu haijachovywa wino.

Huko Ufaransa, Michel de Montaigne aliiacha kazi ya uhakimu mjini Bordeaux, na mwaka 1580 akachapisha kitabu alichokiita Essais, yaani majaribio. Yeye hakuandika kwa amri ya mtu. Alianza na swali, akaijaribu fikra yake mbele ya macho ya msomaji. Uhuru huo nao una gharama. Mara nyingi anwani ya sura zake hailingani na yaliyomo, na hata baada ya toleo la 1588 aliendelea kuongeza maneno pambizoni mwa nakala yake hadi alipofariki mwaka 1592. Mwandishi asiyejua aendako aweza kugundua jambo jipya. Aweza vilevile kumpoteza msomaji njiani.

Matatizo hayo mawili, la pambo na la njia, ndiyo yaliyomkabili kila aliyeandika insha kwa Kiswahili. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kuanza ukarani wa forodha mwaka 1926, alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, kisha Insha na Mashairi mwaka 1959. Anwani hiyo ya pili yatosha kuonyesha kwamba kwake insha na shairi zilikuwa jirani. Sentensi zake hulingana kama vipande vya mshororo, na pale anapofaulu, ulinganifu huo ni mizani: upande mmoja hupima uzito wa upande wa pili. Hatari ni kwamba ulinganifu huigika kwa wepesi kuliko upimaji. Wengi waliomfuata waliichukua mizani, wakasahau kuweka kitu cha kupimwa.

Skulini hatari hiyo imegeuka kuwa kanuni. Nchini Kenya, baina ya mwaka 1985 na 2023, watoto waliomaliza darasa la nane walitunga insha ya mtihani kwa dakika 40. Katika mtihani wa sekondari, insha isipungue maneno 400. Kwa muda mfupi kiasi hicho, mtoto mwerevu hujihami mapema: hukariri methali, tashbihi na salamu za wahenga, akazitia popote zitakapoenea. Hakosei, anamjua msahihishaji, kama karani wa Cairo alivyomjua sultani. Lakini hajaulizwa aonalo yeye, wala hajapewa nafasi ya kubadili rai yake katikati ya ukurasa.

Hasara yake haiishii kwenye alama. Ardhi, sheria, mji unaobomoka, bahari inayokula pwani, yote hayo yanahitaji watu wanaoweza kuyapima kwa Kiswahili hatua kwa hatua mpaka wafikie hukumu. Lugha yenye washairi hodari na wenye hoja wachache huwaachia wengine, na lugha nyingine, kazi ya kuamua.

Ipo njia ya kuipima insha: ziondolewe methali zake zote, kisha isomwe upya. Ikibaki swali, ushahidi na uamuzi, pambo lilikuwa nguo juu ya mwili. Isipobaki kitu, mwandishi bado hajaanza. Na kuanzisha ndiyo maana ya insha.